Darubini ya Safu ya Mbele

Hebu niambie, wewe ungeupitishaje upinde wa selo, ufito wa kupigia ile fidla kubwa, wa urefu wa mkono mzima, kwenye mlango wenye askari wanaopekua hadi mikoba ya akina mama? Kapteni Mavluda Ergasheva alijiuliza hivyo Jumamosi akienda kulala, akajiuliza tena Jumapili asubuhi akipiga mswaki, na mchana wa Jumapili hiyo hiyo alikuwa bado anajiuliza, amesimama mbele ya chumba cha makoti cha jumba la opera, viatu vipya vikimbana vidole, simu ikimtetemeka mfukoni kama kifaranga.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Okestra ya Wajerumani ilikuja Tashkent kwa matamasha matatu: Ijumaa, Jumamosi, na hili la mwisho la Jumapili mchana. Mpiga selo wao mkuu, Hamdam Tojiyev, alikuwa mtoto wa mji huu huu, aliyeondoka kijana na kurudi na mvi. Jumamosi, muziki ulipokwisha, wanamuziki walitoka jukwaani, na Hamdam akaweka pinde zake mbili juu ya meza ndogo kwenye ujia wa nyuma. Watu hawakuacha kupiga makofi. Wakaitwa tena waje wainame, wapokee maua. Waliporudi, juu ya meza palikuwa na saa ya Hamdam, simu ya mwenzake, na upinde mmoja tu.

Meneja wa jumba, Bwana Fozil, mtu mnene wa kutembea upesi, alifunga milango papo hapo na kuita polisi. Kila aliyetoka alipekuliwa mkoba na mikono ya koti. Upinde haukuonekana. Kilichoonekana ni mtu wa kulaumiwa. Bawabu wa nyuma alisema alimwona Mama Oyniso, mtunza makoti, akitoka kwenye ule ujia wakati wa makofi, amekumbatia kitu ndani ya kitambaa. Mama Oyniso alipoulizwa ni kitu gani, alifunga mdomo. Basi shauri likawa limekatwa. Tamasha la leo likiisha, wageni wanapanda basi kwenda uwanja wa ndege, na kama upinde haujapatikana, Mama Oyniso anapanda gari la polisi.

Kwa hiyo Mavluda alikuwa na muda wa tamasha moja.

Watu walikuwa wanaingia na baridi yao ya Novemba, wakivua makoti. Mama Oyniso, mwembamba, kitambaa cha kichwa kimekazwa nyuma, alikuwa anayapokea kama siku zote, akimpa kila mtu kisahani chake cha namba.

“Kitanzi kiko wapi?” alimuuliza bwana mmoja, akilishika koti lake kwa vidole viwili. “Koti zuri hivi halina kitanzi cha kutundikia? Mkeo yuko hai?”

“Yuko hai, mama.”

“Mwambie sindano haijapigwa marufuku. Darubini?”

“Darubini ya nini? Nakaa safu ya nne, nitaona hadi jasho lao.”

“Si ya kuonea, baba, ni ya koti. Mwenye darubini nampa koti lake kwanza. Wewe utasimama kwenye foleni mpaka ndevu ziote.”

Bwana akacheka, akakodi darubini. Mavluda alisubiri aondoke, kisha akaegemea ubao wa kupokelea makoti.

“Mama, jana wakati wa makofi ulikuwa wapi?”

“Mahali pangu.”

“Bawabu kakuona kule nyuma.”

“Bawabu na macho yake yale? Juzi kalisalimia koti nililolitundika mlangoni, akadhani naibu waziri.”

“Ulikwenda au hukwenda?”

Mama Oyniso akapanga visahani. “Nilikwenda. Mwenye kumwaga takataka alikuwa harusini, nikamshikia kazi.”

“Na kwenye kitambaa?”

“Hakukuwa na upinde.”

“Nimekuuliza kulikuwa na nini, sikukuuliza hakukuwa na nini.”

“Mwanangu, nikilisema, nimemwaibisha mgeni. Mgeni bado yumo humu ndani, hajafunga hata begi lake. Simsemi mgeni.”

“Hata ukilala rumande?”

Mama Oyniso alilichukua koti la bibi aliyefuata, akaenda kulitundika kule mwisho, na Mavluda akamfuata kwa macho. Juu ya makoti kulikuwa na rafu ya kofia. Na juu ya kofia zote, peke yake, kulikuwa na kifurushi cha mviringo, kitambaa cheupe kilichodariziwa maua mekundu, mafundo yamefungwa kwa adabu. Chakula chake cha mchana, Mavluda aliwaza, na papo hapo akakumbuka kwamba yeye mwenyewe hajala kitu tangu asubuhi.

Kengele ya kwanza ikalia. Bwana Fozil akatokea na karatasi mkononi.

“Kapteni, maelezo nimeshayachapa. Unasubiri nini? Amekiri alikuwa kule.”

“Bawabu anasema kifurushi kilikuwa cha duara.”

“Basi?”

“Upinde umenyooka, Bwana Fozil.”

“Ameuvunja.”

“Auvunje halafu auibe? Amwuzie nani, mwuza mishikaki?”

“Niambie basi katokaje mwizi mwingine. Mimi mwenyewe nilifunga mlango kabla mtu wa kwanza kwenye foleni hajapata koti lake. Naapa.”

Mavluda alimwacha na kiapo chake, akaenda nyuma, viatu vikilia kwenye marumaru kama vinamsema.

Chumbani kwa wanamuziki, Hamdam Tojiyev alikuwa amekaa karibu na dirisha, selo katikati ya magoti, birika la chai ya kijani pembeni. Mtu mrefu, mpole. Alipocheka kidogo kumkaribisha, mwanya mpana ulionekana kati ya meno yake mawili ya mbele, na uso wake ukawa wa mvulana ghafla. Alimmiminia chai kidogo tu ndani ya bakuli, kama inavyomiminwa kwa mgeni anayeheshimiwa. Miaka ya ugenini haikumsahaulisha hilo.

“Kaka Hamdam, kati ya pinde mbili, mwizi amechukua upi?”

“Wa zamani. Wa bei ni huu.” Aliugusa. “Ule aliutengeneza mzee mmoja wa mtaani kwetu. Niliondoka nao hapa.”

“Nani hapa anaujua?”

“Hakuna.”

“Ndugu zako?”

“Sina mtu Tashkent.”

“Mtaani kwenu umeshapita?”

“Hoteli ni nzuri,” alisema Hamdam.

Mavluda akanywa chai yake. Hoteli hakuiuliza.

Kengele ya pili ikamwinua Hamdam, akaenda jukwaani na selo yake. Aliyebaki ni msimamizi wa safari, Bwana Kolb, Mjerumani mzee aliyejifunza Kirusi shuleni enzi zile, na ambaye kila baada ya sentensi mbili aliangalia saa.

“Basi letu halitasubiri, Kapteni.”

“Najua. Tangu mfike, mmeona kitu chochote cha ajabu? Mtu, barua, simu?”

“Hapana. Watu wenu ni wakarimu mno, tumeshindiliwa zabibu kavu na malozi.” Akasita. “Ila kuna mtu alitutukana.”

“Aliwatukana vipi?”

“Ijumaa bawabu aliniletea kifurushi alichoachiwa Hamdam mlangoni. Mimi ndiye ninayefungua vitu, ndiyo kazi yangu. Ndani mlikuwa na mkate. Mkavu kama tofali, wa miaka sijui mingapi, na umeumwa. Mtu ameuma kipande, halafu akatuletea. Nikaona nisimwonyeshe Hamdam, angeumia. Jana nikautia kwenye pipa la takataka.”

Mavluda aliweka bakuli mezani polepole sana.

“Uliutia wapi?”

“Kwenye pipa la humu chumbani. Vibaya?”

Mavluda alikuwa ameshafika mlangoni.

Ukumbi wa mbele ulikuwa umebaki mtupu, kengele ya tatu inalia. Mavluda alizunguka ubao wa chumba cha makoti bila kuomba ruhusa, akapanda kigoda, akakishusha kile kifurushi. Mama Oyniso alijishika kifua.

“Usikiweke chini, mwanangu.”

“Sikiweki chini, mama.” Alikiweka juu ya ubao, akafungua mafundo. Mkate wa mviringo, katikati umebonyezwa na kupigwa mhuri wa maua, umekauka hadi ukawa rangi ya udongo. Pembeni, pengo la mdomo mmoja. “Hiki ndicho ulichobeba.”

“Ulikuwa pamoja na maganda ya chungwa,” alisema Mama Oyniso, na macho yakamlowa. “Pamoja na majivu ya sigara. Ningefanyaje? Niliubusu, nikaufuta, nikauweka juu. Wale ni wageni, hawajui. Nikitangaza kwamba mgeni kautupa mkate pipani, atatembeaje mjini huyo? Angeondoka kwanza, ndipo ningesema.”

“Ungekuwa ndani tayari.”

“Ndiyo, ningekuwa ndani,” alikubali Mama Oyniso, kama mtu anayekubali kwamba mvua itanyesha.

Mavluda aliinama juu ya lile pengo. Nyumbani kwao pia ulining'inia mkate kama huo, kaka yake alipokwenda jeshini. Anayesafiri mbali huuma mara moja, na uliobaki hutundikwa ukutani umngoje, aje aumalize mwenyewe. Hakuna anayeutuma mkate huo kwa matusi. Alama za meno zilikuwa zimekauka humo wazi kabisa: jino, kisha ukuta mwembamba wa mkate uliobaki umesimama, kisha jino. Mahali pa mwanya.

“Sina mtu Tashkent,” alisema Mavluda kwa sauti ndogo. “Mwongo mkubwa.”

“Nani, mimi?”

“Si wewe, mama. Wewe umeshatoka.” Lakini alijua hajatoka bado. Mkate ulieleza kifurushi, haukueleza upinde. Fozil angesema mama kabeba vyote viwili.

Muziki ukaanza. Mavluda aliingia ukumbini kwa mlango wa pembeni, akasimama kwenye giza la pazia. Hakuja kusikiliza, alikuja kutazama watu, na watu walikuwa wengi, wanakohoa, wanajipepea kwa karatasi za ratiba, mtoto mmoja anamenya komamanga kimya kimya kwenye sketi ya bibi yake. Selo ya Hamdam ilipopanda peke yake, ukumbi ukatulia. Mavluda hakutulia. Macho yalimtembea safu baada ya safu, yakarudi, yakatembea tena.

Safu ya mbele, kiti cha mwisho, jirani na vile vingazi vidogo ambavyo watu hupandia kupeleka maua. Na kutoka vingazi hivyo hadi mlango wa ujia wa nyuma ni hatua chache tu, nyuma ya pazia. Kwenye kiti hicho alikaa mwanamke wa makamo, shali kubwa ya kijivu mabegani, mgongo umenyooka. Hakuwa anamtazama kiongozi wa okestra wala mwingine yeyote. Alikuwa anamtazama Hamdam, naye Hamdam amefumba macho anapiga. Na mapajani mwa mwanamke, kamba yake imezungushwa kwenye kidole, kulikuwa na darubini. Hakuinyanyua hata mara moja.

Angeinyanyulia nini? Kutoka pale angeweza kuzihesabu kope za Hamdam.

Mavluda aliyasikia upya maneno ya Fozil, kabla mtu wa kwanza kwenye foleni hajapata koti lake, akajikuta anatabasamu gizani. Mwenye darubini hasimami kwenye foleni, na shali kubwa namna ile inafunika mengi.

Mapumziko yalipofika alikuwa wa kwanza kwenye ubao.

“Mama, mwanamke mwenye shali ya kijivu. Darubini kila siku?”

“Yule? Kila siku. Namgombeza kila siku, koti lake halina kitanzi. Ananiambia kesho nitashona, kesho nitashona.”

“Jana alitoka saa ngapi?”

“Saa sikuangalia. Nimerudi kutoka kwenye mapipa nahema, yeye kashasimama hapa ananisubiri, darubini mkononi. Nikampa koti lake, akatoka. Halafu ndiyo nikasikia Fozil anapiga kelele mlangoni.”

“Mbona hukusema?”

“Hakuna aliyeniuliza juu ya mtu. Nyote mmeniuliza juu ya kitambaa.”

Hilo lilimchoma Mavluda, lakini hapakuwa na nafasi ya kuchomeka. Alilitoa koti lenyewe: la kahawia, sufu nzito, kola ya manyoya imekwanguka, na pale pa kitanzi zimebaki nyuzi mbili. Aliupindua mkono wa kulia nje ndani. Kwenye mshono wa bitana, karibu na kiwiko, alikuta unywele mmoja mrefu, mweupe, mnene kuliko wa binadamu. Wa mkia wa farasi, kama zile zinazofungwa kwenye pinde. Aliuvuta kwa kucha, akausugua, na vidole vikabaki na unga mweupe wa ulimbo, ule wanaoupaka kwenye pinde zisiteleze.

“Mkamate basi,” alinong'ona Mama Oyniso. “Yuko pale anakunywa maji.”

“Upinde haumo humu. Nikimshtua, hatuuoni tena. Aje mwenyewe kuchukua koti lake.”

Kisha alimtafuta Fozil, akamwambia makofi ya mwisho yakiisha tu amlete Hamdam chumba cha makoti, hata kama hajafunga selo yake. Fozil alitaka kubisha, akauona ule unywele, akaacha.

Kipindi cha pili kilikuwa kirefu kama foleni ya posta. Mavluda alikaa juu ya kigoda nyuma ya makoti, akavua viatu, akavivaa, akavivua tena. Mama Oyniso alimpa nusu ya sambusa ya malenge. Kutoka ukumbini zilisikika ngoma, kisha kimya, kisha makofi kama mvua ya mawe juu ya bati. Mavluda akavaa viatu.

Hatua nyepesi zikaja upesi juu ya marumaru. Mwanamke wa shali ya kijivu aliweka darubini na kisahani cha namba juu ya ubao, mikono mitupu, anahema kidogo.

“Koti langu, mama. Nina darubini.”

“Umeona vizuri?” aliuliza Mavluda, akijitokeza na lile koti mkononi.

“Vizuri, ahsante.”

“Kutoka safu ya mbele, na darubini. Lazima umeona hadi meno.” Akatoa kitambulisho. “Kapteni Ergasheva, polisi. Jina lako nani, dada?”

“Risolat.”

“Risolat nani?”

“Tojiyeva.” Ni Tojiyev, kwa umbo la kike.

Mavluda aliulaza ule unywele mweupe juu ya mbao nyeusi. “Huu nimeutoa kwenye mkono wa koti lako. Upinde uko wapi?”

“Sijui upinde.”

“Sawa. Unamwona mama huyu? Leo analala rumande. Wanasema yeye ndiye aliyeuiba.”

Risolat alimgeukia Mama Oyniso kama ndiyo kwanza amemwona. “Huyu? Huyu ananigombeza kitanzi tu. Amefanya nini?”

“Ameonekana akitoka nyuma na kitu ndani ya kitambaa. Ameokota mkate wako kwenye pipa la takataka.” Mavluda akasogeza kile kifurushi mbele.

Risolat alishika ukingo wa ubao kwa mikono miwili. “Pipani? Hamdam aliutia pipani?”

“Hamdam hajawahi kuuona.”

Hamdam mwenyewe alikuwa anakuja, shati limelowa jasho, Fozil mbele yake anapasua njia, Bwana Kolb nyuma yake na saa yake. Mbele ya ubao, Hamdam alisimama. Alimtazama yule mwanamke, akautazama mkate, akarudi kwa mwanamke. Ulimi wake ukaenda wenyewe kwenye mwanya.

“Risolat,” alisema. “Dada.”

“Umezeeka,” alisema Risolat.

“Barua zangu hukujibu hata moja tangu mama azikwe.”

“Ulitaka nikujibu nini? Kwamba tumemzika bila wewe? Hilo ulikuwa unalijua.” Sauti yake ilikuwa kavu. “Nimekutumia mkate Ijumaa. Nikapika pilau. Nikakesha nasikiliza geti. Jana nikasema, basi, ameupata, amenyamaza.”

“Sikuupata.”

“Ni mimi niliyeutupa,” alisema Bwana Kolb kwa Kirusi chake, akiwa amevua kofia bila kujua. “Mimi nilidhani ni matusi.”

“Maneno hayo mtayaongea baadaye,” alisema Fozil. “Upinde uko wapi?”

“Uko nyumbani,” alisema Risolat. “Umening'inia kwenye msumari.”

“Msumari upi?” aliuliza Hamdam.

“Ule ule. Uliokuwa na mkate.” Alimtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza usoni kabisa. “Baba akitaka mgeni asiondoke, alikuwa anamfichia mjeledi wa farasi. Wewe huna farasi.”

Mavluda alichukua ile karatasi ya maelezo mkononi mwa Fozil, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwake. Mama Oyniso alikaa juu ya kigoda. Foleni ilikuwa imeshajaa nyuma yao, watu wanasukumana, wanauliza kuna nini, mbona makoti hayatolewi, na nje basi la wageni lilikuwa linaunguruma.

“Ni kesi au si kesi, mimi sijui,” alisema Fozil, akijifuta shingo. “Lakini hebu mtu mmoja anieleweshe. Dada, ulikuwa unataka nini hasa?”

Risolat alinyoosha mkono juu ya ubao, akaitengeneza kola ya Hamdam iliyopinda, kama kola ya mtoto anayekwenda shule.

“Nilitaka uje nyumbani umalize mkate wako,” alisema. “Umekuwa mgumu, lakini chai ipo.”